Marehemu Septimus Garrod, Aliyeshika Kamba ya Bibi Harusi wa Puto

Mchungaji, mama yetu, ndugu, majirani wa Deptford, na nyinyi watu wa majukwaa mliojaza viti vya kushoto kwa kofia kubwa hata walioketi nyuma yenu wanaona manyoya tu, familia imenituma mimi Lambert, mtoto wa mwisho wa marehemu, nisome historia ya baba yetu, kwa sababu dada yangu Rhoda akisoma atalia, kaka yangu Enoch akisoma mtalala, na mimi, ingawa shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mbili na shule yenyewe haikuniuliza nakwenda wapi, nina sauti inayofika mlangoni bila kuisukuma.

Marehemu Septimus Garrod alizaliwa tarehe 14 Novemba 1862 hapa hapa Deptford, katika nyumba ya nyuma ya ghala la kamba, akiwa mtoto wa saba wa mzee Elijah Garrod, msokota kamba za meli, na Septimus maana yake ni wa saba, kwa hiyo mnaona babu yetu alikuwa ameshachoka kutafuta majina. Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1872, akajua kusoma, kuandika na kujumlisha, kutoa kukamshinda, akaondoka, na kwa hesabu hiyo mimi ndiye msomi wa ukoo huu na naomba heshima yangu. Mwaka 1876 alikwenda baharini akiwa mpanda milingoti, akazunguka huko hadi 1885, na aliporudi alichukuliwa na Ukumbi wa Halcyon, London, maana kumbi zetu za michezo zimekuwa zikiwachukua mabaharia tangu zamani, kwa kuwa kila kinachoonekana jukwaani, mawingu, majumba, mwezi wenyewe, kinaning'inia kwenye kamba, na aliyefunga tanga kwenye upepo hashindwi kufunga mwezi wa mbao. Alianza kwa kuvuta kamba, na tarehe 2 Januari 1899 akapewa kazi ya msimamizi wa jukwaa, na katika miaka yote hiyo ya kufanya kazi kwenye michezo ya kuchekesha, hakuna mtu aliyewahi kuona meno yake.

Mwaka 1906 mwenye ukumbi, Bwana Aubrey Clitheroe, ambaye tunaye hapa mbele na koti lake la manyoya, aliamua kuweka jukwaani mchezo mpya wa nyimbo na vichekesho ulioitwa Bibi Harusi wa Puto, unaohusu binti wa muuza sabuni anayeikimbia harusi aliyopangiwa na baba yake, anarukia puto kwenye maonyesho ya kijiji, na mwisho linapaa naye akiwa bado na shela kichwani, anawatamkia walioko chini sentensi moja, na pazia linashuka. Kikapu cha puto hilo kilipandishwa kwa kamba iliyopita kwenye kapi darini na kurudi chini hadi roshani ya kamba, yaani ule ujia wa mbao ulio juu ya jukwaa ambao watazamaji hawauoni, na kwenye kamba hiyo ulifungwa mfuko wa turubai uliojazwa mchanga wa uzito sawasawa na wa anayepanda, ili mtu mmoja amwinue mwanamke mzima kwa mkono kama anavyoinua ndoo ya maji.

Sasa majirani ambao si watu wa jukwaa lazima waambiwe jambo moja, na watu wa jukwaa mnaweza kukohoa kwa muda huu. Katika kazi hii sentensi ya mwisho ya mchezo, wenyewe wanaiita neno la kufungia, haitamkwi kamwe kwenye mazoezi, mwigizaji akifika hapo hunyamaza au husema papapa, na mara ya kwanza kusikika iwe mbele ya watu waliokata tiketi, maana mchezo uliofungwa kabla haujafunguliwa, kwa imani yao, umefia tumboni, na ukifia tumboni hauondoki peke yake. Na ni kazi ya msimamizi wa jukwaa kumwonya kila mgeni kabla hajakanyaga mbao.

Alhamisi tarehe 11 Oktoba 1906, siku mbili kabla ya kufungua, mwigizaji mkuu alilazwa na homa, na kutoka kwa waimbaji wa safu ya nyuma akachukuliwa binti mmoja wa Oldham, Dorcas Mabbott, mwenye miaka ishirini, aliyetoka kwenye kiwanda cha pamba na kwaya ya kanisani akaingia London moja kwa moja wiki ile ile, na ambaye leo ameketi hapa mbele kwa sababu ndiye mama yetu. Marehemu akamwendea katikati ya jukwaa, watu wote wakisikia, kwa kuwa mfuko ulitakiwa kujazwa upya.

"Una uzito gani, binti?"

"Kamwulize farasi wako."

"Sina farasi."

"Basi huna wa kumwuliza."

Wapiga fidla walicheka hadi wakaangusha pinde, na walioshuhudia wanaapa kwamba ndipo meno ya Septimus Garrod yalipoonekana kwa mara ya kwanza katika historia ya Halcyon, naye akamkadiria kwa macho, akapanda juu, akajaza mfuko huku bado anatabasamu, na katika kutabasamu huko akasahau kumwonya. Binti akaingia kikapuni, akapanda, akafika juu, na kwa sauti ile ya kwaya ya Oldham ambayo sisi watoto tuliamshwa nayo kila asubuhi, akalitamka neno la kufungia lote, tangu mwanzo hadi nukta.

Aliyekuwa anapiga misumari aliushusha mkono taratibu bila kuugonga msumari.

"Nimekosea?" binti akauliza akiwa huko huko juu. "Si nimesema kilichoandikwa?"

Mwigizaji mkongwe aliyecheza mama wa bibi harusi akakaa sakafuni na gauni lake lote, akasema, "Limeshatoka hilo. Sasa litazunguka humu ndani mpaka limpate mtu."

"Limpate nani?"

"Aliyelisema, mwanangu, hivi litamtafuta muuza tiketi?"

Baba alimteremsha mwenyewe, taratibu kuliko alivyompandisha, akashuka akampa mkono wa kutokea kikapuni, akamwambia, "Kosa si lako. Ni mimi sikukuonya." Akamwomba Bwana Clitheroe amtoe binti yule kwenye mchezo, Bwana Clitheroe akamwuliza kama ana bibi harusi mwingine ndani ya boksi la zana, na kesho yake paka wa ukumbi, aliyekuwa ameishi pale muda mrefu kuliko waigizaji wengi, akatoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena.

Jumamosi tarehe 13 Oktoba mchezo ulifunguliwa, ukumbi umejaa hadi ngazini, na ulipofika mwisho, kikapu kikiwa juu na bibi harusi ameshavuta pumzi na kufungua mdomo, marehemu, aliyesimama pembeni na kengele ya kuamuru pazia, akaipiga. Pazia likashuka kama jiwe. Alikuwa amefikiri kwamba neno lililokwisha kusemwa mara moja lisiposemwa mara ya pili, mchezo haumaliziki, na mchezo usiomalizika hauna haki ya kudai chochote kwa mtu. Mtu mmoja wa viti vya juu akapiga kelele, "Kasema nini huyo?" na ukumbi mzima ukaangua kicheko ambacho kiliwafuata hadi barabarani.

"Umeniua, Garrod!" Bwana Clitheroe alimfokea jioni ile. "Jumatatu usinionyeshe uso wako!" Jumatatu asubuhi, foleni ya tiketi ilikuwa imezunguka pembe ya jengo, kila mtu anataka kwenda kusikia bibi harusi anasema nini, na Bwana Clitheroe akaja mwenyewe na keki mkononi, akimwita marehemu ndugu yangu wa damu, na mpaka leo husimulia kwamba wazo la kukata sentensi ile lilikuwa lake, nasi leo si siku ya kubishana.

Hivyo ndivyo mchezo ule ulivyopata umaarufu, ukaendelea pale Halcyon hadi tarehe 26 Septemba 1908, watu wakikisia neno lile sokoni na kwenye mabaa, mchekeshaji wa mtaani akisimama mlangoni kuuza majibu ya uongo, na hakuna jioni hata moja ambayo Dorcas Mabbott aliruhusiwa kumaliza kazi yake. Waliokuwa wanacheka walikuwa wa viti vya mbele. Huko nyuma ya pazia watu walimpisha kwenye ngazi kama anayebeba taa inayofuka, hakuna aliyetaka kuazima kitana chake, na marehemu alimfuata kwa macho tangu anaingia hadi anatoka, hata mama akachoka.

"Bwana Garrod, unanitazama kama jeneza linalotembea."

"Naangalia usijikwae."

"Kila jioni unaninyang'anya tonge mdomoni. Angalau nipeleke nikale."

Akampeleka kula mikunga ya jeli, wale samaki warefu kama nyoka, hapa Deptford, mtu wa Oldham hajui mikunga, akala sahani mbili kwa ubishi tu akaugua siku nzima, na tarehe 8 Juni 1907 walifunga ndoa katika kanisa hili hili, yeye arobaini na minne, mama ishirini na mmoja, na msitazamane, maana aliyekuwa anawaza kumkimbia mwenzake hakuwa mama. Sharti lake mama lilikuwa moja, kwamba ipo siku atalisema neno lake mpaka mwisho, mbele ya watu, na baba akajibu, "Tutaona," jibu ambalo sisi watoto tulikuja kujua vizuri kwamba lina maana ya hapana. Mungu aliwajalia watoto watatu, Rhoda aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1908, Enoch tarehe 20 Julai 1909, na mimi tarehe 1 Desemba 1910, na baada ya kuniona mimi wakaona wameshapata walichokuwa wanatafuta, wakaacha.

Mchezo ulipotoka London uligawanywa makundi mawili ya kuzunguka mikoani, la kwanza likiwa na mama na baba, la pili likiongozwa na watu wengine, na bibi harusi wa kundi la pili akiwa Bi Violet Tansley, msichana mcheshi aliyekuwa akimwandikia mama kumwita pacha wangu wa hewani. Jumamosi tarehe 18 Machi 1911, katika ukumbi mmoja wa Hull ambao jina lake nalihifadhi, msimamizi wa kundi lile aliahidi watu wa mji kwamba wao, na si London, ndio watakaolisikia neno. Bi Violet alilisema. Wakampigia makofi kwa miguu na mikono, na kamba ikakatika makofi yakiendelea, wengine wakidhani ni sehemu ya mchezo wakazidi kupiga. Aliishi, Mungu ni mwema, lakini hakutembea tena.

Baba alipanda treni kwenda Hull akaitazama kamba ile kwa macho yake, akarudi na kipande chake mfukoni, akakiweka mezani mbele ya mama, tukiwa tumelala sisi watoto, lakini nyumba zetu mnazijua, ukuta ni karatasi, na majirani wana masikio.

"Imeoza," mama akasema. "Kapi halikutiwa mafuta, kamba ikasagika. Kamba haina masikio, Sep."

"Ilikuwa imeoza tangu Krismasi. Kwa nini ilisubiri jioni ile?"

"Ingekatika jioni nyingine ungesema kwa nini ilisubiri jioni nyingine."

"Dorcas, nakuomba."

"Na mimi nakuomba. Miaka mitano nimefungua mdomo ukaufunga. Mimi si mlango."

Hakuna aliyeshinda siku ile, ila kuanzia wiki iliyofuata marehemu aliacha kazi ya usimamizi, kengele akamwachia mwingine, akajishusha cheo kwa kupanda juu, kwenye roshani ya kamba, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliomwinua mama yetu. Kamba aliinunua mwenyewe, alilamba kidole baada ya kuipapasa kama mpishi anayeonja mchuzi, na kamba ya pazia ilikuwa pale pale ubavuni mwake, ikishikwa na mwenzake, kiasi kwamba yeye alitikisa kichwa tu, pazia likashuka kabla ya neno. Mchezo ulizunguka hivyo Leeds, Glasgow, Bradford na kwingineko, mpaka vita vilipokuja na maputo ya Wajerumani yakaanza kupita juu ya nyumba zetu yakidondosha moto, na hapo hakuna Mwingereza aliyeona tena kichekesho katika kitu chochote kinachopaa. Tarehe 9 Oktoba 1915 mchezo ukafungwa, marehemu akarudi Deptford akafanya kazi ya kamba gatini, kifua kikaanza kumsumbua, na kwa miaka kumi na mitano nyumbani kwetu neno lile halikutajwa, isipokuwa mama alipofua nguo, ambapo midomo yake ilicheza bila sauti na baba akatoka nje.

Mwaka jana, kama mnavyojua, filamu za kuongea zilikwisha kummaliza Bwana Clitheroe, akaamua Halcyon igeuzwe jumba la sinema, lakini kabla ya kung'oa jukwaa akataka kuagana na watu wake kwa kumrudisha Bibi Harusi wa Puto, na bibi harusi awe yule yule. Mama alikuwa na miaka arobaini na minne, binti wa kwenye mchezo ana kumi na tisa, ila taa za jukwaani zina adabu kuliko taa za jikoni, na alipokubali, baba, aliyekuwa na miaka sitini na minane na daktari amemkataza ngazi, akasema kama mama anapanda basi na yeye anapanda. Wakampa msaidizi wa kushika pazia, Bwana Jabez Noakes, wakafungua tarehe 27 Desemba 1930.

Hapa kuna jambo ambalo familia haikulijua hadi wiki iliyopita. Mfuko wa mchanga ulikuwa ule ule wa 1906, baba aliuhifadhi, na turubai ile ilishonwa kwa uzito wa msichana wa kiwandani. Sasa mama yetu, kwa heshima zote, amezaa watatu na amekula Krismasi zote tangu hapo. Kutengeneza mfuko mkubwa kungetaka mafundi, mafundi wangetania, utani ungefika chumba cha kuvalia, na marehemu, ambaye tangu ile habari ya farasi hakuthubutu tena kumwuliza mke wake uzito, akawa anabeba mchanga kutoka gatini ndani ya kibati chake cha chakula, anauongeza kidogo kidogo asubuhi watu hawajafika, na Bwana Noakes alipomwona alidhani ni dawa ya kufukuza lile neno. Mfuko ukavimba. Baba akaushonea uzi juu ya uzi na kumwambia mama, "Mwepesi kama zamani."

Jumamosi tarehe 31 Januari 1931, jioni ya mwisho, Bwana Clitheroe alibandika mabango mji mzima kwamba leo neno litasemwa. Asubuhi ile baba alimsihi mama kwa mara ya mwisho, akisimama mlangoni na kofia mkononi kama mwenye deni.

"Hull, Dorcas. Mkumbuke Violet."

"Namkumbuka kila siku. Sep, wanakwenda kung'oa mbao zenyewe. Nikinyamaza leo, nitalisemea wapi, kwenye beseni?"

Hakujibu hata ile tutaona yake, akavaa kofia, na mama akadhani amekubali.

Yaliyotokea juu tumeyapata kwa Bwana Noakes. Anasema mzee alifika mapema akaipapasa kamba yote, akaipapasa tena. Mchezo ukaenda, watu wakacheka pale pale walipocheka baba zao, bibi harusi akaingia kikapuni, marehemu akavuta, kikapu kikapaa hadi juu kabisa, ukumbi ukanyamaza hata ikasikika kapi likilia, na mama akavuta pumzi. Baba akatikisa kichwa. Bwana Noakes akatazama viatu vyake.

"Jabez. Shusha."

"Bosi kasema leo hapana, mzee."

"Jabez, nimesema shusha!"

"Ataninyima kazi ya sinema, mzee wangu, nina watoto."

Kamba ya pazia ilikuwa hatua moja kutoka alipo baba, lakini kwenda kuishika angelazimika kuiacha ile aliyokuwa nayo, na hiyo ilikuwa na mama. Akabaki. Basi ndipo mama yetu, baada ya miaka zaidi ya ishirini na minne, akatamka, na kwa kuwa sasa limekwisha semwa naweza kulirudia hata kanisani, "Mwambieni mama asinisubiri kwa chai!" Ni hilo tu, na mimi nilikuwa nimeketi viti vya juu, nikajisemea hivi ndilo hili hili, lakini ukumbi ulisimama kama umeambiwa siri ya serikali, wakapiga miguu hadi vumbi likadondoka kutoka darini, na katika mtikisiko ule turubai ya mfuko ikapasuka kuanzia juu hadi chini. Mchanga ukamwagika kimya kimya, na uzito wote wa kikapu na mama ukaangukia mikono miwili ya mzee mgonjwa.

Bwana Noakes anasema hakupiga kelele. Kamba ilimvuta hadi ukingoni, ikamchuna viganja, akajitupa kwa kifua chake juu ya kigingi cha kufungia kamba, akaizungusha kamba mara moja, ikashika, na huko chini watazamaji waliona kikapu kimecheza kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha akamteremsha mama, shibri kwa shibri, taratibu hata mama akakasirika kwamba makofi yanakwisha hajagusa chini, na alipogusa, mzee akafunga kamba ile fundo la baharini lililo kamili, ndipo akakaa.

Nyumbani mama aliona vitambaa mikononi mwake.

"Nimeshika birika la moto," akasema.

"Umri huu na hujui birika lina mkono?"

"Dorcas, ulilisema vizuri."

"Uliogopa?"

"Kidogo."

Usiku ule ule damu ikaanza kutoka kifuani, Daktari Pym akaitwa, akasema kuna kitu kimechanika ndani ambacho yeye hana sindano ya kukifikia, na marehemu akalala siku zilizofuata akimtazama mama anavyokwenda na kurudi, si kwa yale macho ya zamani ya kulinda, bali kama mtu aliyetua mzigo gatini na kungoja apewe ruhusa ya kuondoka. Mara moja tu alimwambia Enoch, "Lilikuja, nikalishika," na Enoch, ambaye huchukua kila kitu kama kilivyo, alidhani anaota. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Februari 1931, saa za asubuhi, mama akiwa anamnywesha uji wa shayiri.

Bwana Noakes alikuja kwenye matanga kesho yake, akasimama mlangoni akakataa kuketi, akayaeleza yote kwa mama, kuanzia kibati cha chakula hadi viatu vyake. Jumamosi mama alichukua tramu hadi Halcyon, mafundi wakiwa wameanza kubomoa, akapanda ngazi ya roshani ambayo hajawahi kuikanyaga tangu azaliwe, na mimi nyuma yake. Mchanga ulikuwa bado upo, hakuna aliyeufagia. Akapiga magoti akauchota kwa viganja, akaupima, akauchota tena, akaona ulivyokuwa mwingi, na mama yetu akacheka, nawaambia alicheka hadi fundi mmoja akaacha nyundo, akasema, "Mpumbavu huyu. Ningemwambia! Angeuliza, ningemwambia!" Kisha akainama kwenye ukingo akatazama chini, pale kikapu kilipokuwa kikisimama, akaniambia, "Kumbe alikuwa ananiona utosi tu. Lambert, miaka yote hiyo, utosi tu, na urefu huu wote chini yake." Baada ya hapo hakucheka.

Familia inamshukuru Daktari Pym, ambaye alikuja hata pale alipojua hana la kufanya, na muuguzi aliyembadilishia vitambaa. Tunawashukuru majirani wa mtaa mzima kwa pai za nyama, makaa na viti, na aliyeazimisha viti ambaye sasa anahesabu kwa macho, atulie, vitarudi. Tunawashukuru wenzake wa gatini na wa roshani za kumbi zote za London, waliokuja na nguo za kazi kwa sababu leo mchana wanarudi kazini, na Bi Violet Tansley aliyesafiri kutoka Hull na kiti chake cha magurudumu na kukaa na mama usiku mzima. Bwana Clitheroe tunamshukuru kwa shada la maua, ambalo ni kubwa kuliko jeneza.

Na Bwana Jabez Noakes, uliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, sogea mbele. Mimi nilikuwa na mpango wangu na wewe, mpango wa ngumi, na viungo vyangu vya mkono vinaujua bado, lakini mama alitugawia kazi za makaburini jana jioni, na kamba ya jeneza ya upande wa kichwa, ile nzito, amekupa wewe. Nilimwuliza kama amefikiri vizuri. Akaniambia, "Mwache aishike. Katika watu wote watakaokuwepo pale, huyo ndiye ambaye hataiachia."

Baba, leo ni zamu yako kushushwa. Utashushwa taratibu, ulale salama.